Nusu ya Damu Ile Ilitoka Kwangu

Hotuba ya mzazi katika maadhimisho ya Siku ya Selimundu Duniani, Juni 19, jijini Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, waganga na wauguzi, walimu, wazazi wenzangu, na zaidi ya wote ninyi vijana mnaoishi na selimundu, mliotoka Magu, Sengerema, Misungwi na hata kuvuka maji kutoka Ukerewe ili kukaa nasi asubuhi hii: wakubwa shikamooni, na wadogo hamjambo.

Waandaaji walipokuja nyumbani kuniomba nizungumze, walinipa kichwa cha maneno kilichoandikwa vizuri sana, yaani mzigo wa selimundu kwa familia. Nimekaa nacho wiki tatu. Mimi si daktari. Kwa miaka 28 nilikuwa karani, kisha mtunza hesabu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, na mtu wa hesabu akisikia neno mzigo huuliza maswali mawili tu: una uzito gani, na anaubeba nani? Swali la kwanza madaktari walionitangulia wamelijibu vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Nitashughulika na la pili, kwa sababu jibu lake nimeliona kwenye benchi la kliniki, nami naona haya kulitamka mbele ya wanawake waliojaa hapa. Mwezi uliopita, tukiwa tunasubiri kuitwa, nilihesabu watu wazima 31 waliokaa na watoto. Wanaume tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuwa dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri kulipwa nauli yake.

Kwa hiyo mniwie radhi, kina mama. Leo nitazungumza na kina baba, wale waliopo na wale ambao mtawapelekea habari.

Nianze na ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Jina lake linajieleza. Sisi tunaovuna mpunga tunaujua mundu, tunajua ulivyopinda na unavyonasa kila unachopita. Seli nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu ni ya mviringo na laini, hujikunja na kupenya katika mishipa myembamba kuliko unywele, nayo huishi siku zipatazo 120. Seli ya mwenye selimundu ikipungukiwa na oksijeni hukakamaa na kupinda. Badala ya kupenya hunasana na wenzake, mshipa ukaziba, na kiungo kilichokuwa kikingoja damu kikaanza kuuma kwa namna ambayo sisi wengine hatujawahi kuumwa. Tena seli hiyo huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana watoto wetu hupungukiwa damu mara kwa mara na macho yao huwa na umanjano. Chanzo cha yote hayo ni kosa dogo mno. Katika himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, kuna mnyororo wenye viungo 146, na kosa liko katika kiungo cha sita peke yake, ambapo kimewekwa kiungo kisicho chake. Siku niliposomewa habari hiyo nilicheka kwa uchungu. Kosa la karani! Mstari mmoja katika mistari 146, na nyumba nzima haipati usingizi.

Vitabu husema ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1910 na daktari wa Chicago aitwaye James Herrick, aliyeziona seli zenye umbo la mundu katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Ni kweli kwa upande wa vitabu. Bibi zetu wa huku walikuwa wamekwisha kuzika watoto wa ugonjwa huu kwa karne nyingi bila ya hadubini.

Sasa nirudi nyumbani kwangu, kwa sababu nisipoyasema ya kwangu sina haki ya kuyasema ya mtu mwingine. Mwanangu, ambaye ana miaka 21 na yupo hapa, ameniruhusu kusema haya yote isipokuwa jambo moja aliloniomba nisilitaje, nami sitalitaja.

Mtoto wetu wa kwanza, binti, alizaliwa mzima na akakua mzima. Wa pili ndiye huyu kijana. Alikuwa na afya nzuri hadi alipofikisha miezi minane. Leo najua kwamba mtoto mchanga huzaliwa na himoglobini aliyokuwa nayo tumboni, inayomkinga kwa miezi sita hivi ya mwanzo, ndiyo maana wazazi wengi huapa kwamba mtoto alizaliwa hana kitu. Asubuhi moja mama yake alikwenda kumwamsha akakuta vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na nyayo vilevile, ngozi imekaza hadi inang'aa. Hakuwa na kidonda wala alama ya kuumwa na mdudu. Kijiko cha uji ambacho kila asubuhi aligombania kukishika mwenyewe, siku hiyo kilipowekwa mkononi mwake alikiachia kikaanguka, akalia bila kutoa sauti. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa nasi wakati huo. Alimtazama mkwewe akauliza neno moja: "Umemwangusha?"

Swali hilo halikutoka nyumbani kwangu kwa miaka minne; lilikuwa likibadili sura tu. Kwenye zahanati ya jirani tuliambiwa ni malaria, tukapewa dawa ya malaria. Tuliporudi tukaambiwa ni malaria tena. Mahali pengine tuliambiwa ni baridi yabisi. Mganga wa kienyeji alipapasa tumbo la mtoto, akakuta uvimbe upande wa kushoto chini ya mbavu, akauchanja chale tisa na kupaka dawa nyeusi, na akatuambia kuna mkono wa mtu upande wa ukoo wa mama. Uvimbe ule lilikuwa bandama. Chale zile kijana anazo hadi leo. Na mimi, mtu niliyesoma, niliyeaminiwa na wakulima mia kadhaa niwatunzie fedha zao, nililibeba lile la mkono wa mtu na ukoo wa mama, nikalihifadhi moyoni kama stakabadhi.

Kisha akazaliwa wa tatu, binti. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, siku moja ya msimu wa ununuzi, alikataa kula, akalegea. Mama yake alinisimulia baadaye kwamba viganja vyake vilikuwa vimepoteza rangi kabisa na tumbo limejaa upande ule ule wa kushoto. Mimi nilikuwa ghalani, foleni ya wakulima imefika barabarani, mizani inapanda na kushuka, naandika stakabadhi. Kijana wa jirani alikuja na baiskeli kuniambia mtoto amezidiwa. Nilimjibu kwamba nitakuja nikishafunga hesabu za siku. Nilizifunga saa mbili usiku, na zilikuwa sawasawa hadi senti ya mwisho. Mtoto alikuwa amefariki saa kumi na mbili jioni, njiani, mgongoni mwa mama yake.

Kina baba, naomba mlijue hili la bandama, kwa sababu linaua upesi na linaua watoto wadogo. Seli zilizopinda hunaswa ndani yake kwa wingi, likavimba na kumeza damu ya mwili ndani ya saa chache, na mtoto aliyecheza asubuhi akawa taabani jioni. Kinachomwokoa ni kuongezewa damu mapema, na kinachowezesha hilo ni mzazi aliyefundishwa kupapasa tumbo la mwanawe na kutambua kwamba leo bandama ni kubwa kuliko jana. Ni somo la dakika kumi. Sisi hatukufundishwa kwa kuwa hatukujua tuna ugonjwa gani, na hatukujua kwa kuwa hakuna aliyetupima.

Baada ya arobaini nilimwambia mke wangu akapumzike kwao. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilimwambia tu akapumzike, na wanaume wenzangu mnajua maana ya maneno hayo.

Alikaa kwao miezi mitano. Katika miezi hiyo alifanya jambo ambalo mimi, kwa mshahara wangu na baiskeli yangu, sikuwa nimelifanya katika miaka minne: aliuza vitenge vyake viwili, akampeleka mtoto hospitali ya rufaa, akakaa foleni siku mbili, damu ikapimwa. Majibu yakatoka kwamba mtoto ana selimundu. Muuguzi akamuuliza, "Baba yuko wapi?" Kisha akaandika barua fupi, ikaletwa kwangu na konda wa basi. Nilikwenda. Nisiwadanganye, nilikwenda kushuhudia hukumu ya mtu mwingine. Nilitaka kuona imeandikwa kwamba ugonjwa ulitoka upande ule.

Walinitoa damu na mimi. Nilipopewa karatasi ilikuwa na herufi mbili tu mbele ya jina langu: AS. Yule muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha kwa ncha ya kalamu. "Mtoto ana S mbili," alisema. "Moja alipewa na mama yake. Hiyo ya pili, baba, unadhani alipewa na nani?"

Katika kazi yangu kuna kanuni ya maingizo mawili: hakuna kinachoandikwa upande huu wa daftari bila ya kuwa na mwenzake upande wa pili, na ukiona upande mmoja peke yake ujue karani amekosea au ameiba. Kwa miaka minne nilikuwa nimefunga hesabu ya nyumba yangu kwa upande mmoja.

Nieleze jambo hili vizuri, maana linaeleweka vibaya hata na watu waliosoma. Fikirini kwamba kila mzazi ana mfukoni shilingi mbili zinazohusu damu. Mimi nina moja nzima, ndiyo ile A ya kwenye karatasi, na moja yenye ufa, ndiyo S. Mke wangu vilevile. Sisi hatuumwi, kwa sababu ile nzima inatosha. Kila mimba inapotungwa, kila mmoja wetu anatoa shilingi moja bila kuangalia na kumpa mtoto. Akipata nzima mbili, hana kitu. Akipata moja nzima na moja yenye ufa, yuko kama sisi, anabeba bila kuumwa. Akipata mbili zenye ufa, ana selimundu. Uwezekano wa hilo ni mmoja kati ya minne, na ni mmoja kati ya minne kwa kila mimba upya. Nimemsikia baba mmoja akisema kwamba kwa kuwa wa kwanza anaumwa, basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sivyo. Mfuko haukumbuki ulichotoa mwaka jana. Wapo wenye watoto watano na hakuna anayeumwa, na wapo wenye wawili na wote wanaumwa, na hakuna aliyetenda dhambi kuliko mwenzake.

Na huo ufa wenyewe si laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa hapa Afrika Mashariki, akionyesha kwamba wanaobeba S moja wana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana unakuta S nyingi pale palipo na mbu wengi, na ndiyo maana katika Kanda yetu hii ya Ziwa karibu mtu mmoja kati ya watano anaibeba. Babu zetu walioibeba ndio waliobaki hai kutuzaa. Nikifikiria hivyo, huwa naona kwamba tuliutafuta mkosi wa ukoo mahali palipokuwa na bahati yake. Lakini angalizo: kinga hiyo ni ya mwenye S moja. Mtoto mwenye mbili malaria inamuua upesi, kwa hiyo chandarua chake kisiwe na tundu hata moja.

Nilikwenda ukweni kumrudisha mke wangu. Baba mkwe alinipa kiti, akaagiza niletewe maji, akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimwonyesha ile karatasi. Nilimwambia kwamba ugonjwa wa mtoto umetoka kwangu sawa na ulivyotoka kwa binti yake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na yule tuliyemzika?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo ninapozungumza nanyi sina.

Baada ya hapo nilianza daftari. Nimekuja nalo. Nitawasomea mwaka mmoja tu, ule aliokuwa na miaka sita: safari 17 za hospitali, kulazwa mara tano, chupa nne za damu, na kwa kila chupa tulitakiwa kutafuta ndugu wa kuchangia ili benki ya damu isikauke. Ndugu wa kuchangia damu mara ya kwanza hupatikana upesi. Mara ya tatu simu zao huwa hazipatikani. Mwaka huo tuliuza ng'ombe wawili, cherehani na baiskeli. Yote hayo yana safu yake. Ambacho sikuwa na safu ya kukiandika ni zile siku 61 ambazo mke wangu hakwenda sokoni na dagaa zake kwa sababu alikuwa wodini au alikuwa hajalala, na wateja wake wakahamia meza ya jirani, wala hawakurudi. Katika hesabu za taifa siku hizo hazipo. Hazipo kwa sababu ni za mwanamke, na kwa sababu samaki ambao hawakuuzwa hawatozwi ushuru.

Usiku ndio mgumu zaidi. Ile hali ambayo wauguzi huiita kraisisi, yaani maumivu makali ya ghafla, hupenda kuja usiku wa manane, hasa wa mvua na baridi. Maumivu yanaanza na mguu, au kifua, au mgongo. Unachemsha maji, unajaza chupa, unaifunga kanga ili isimuunguze, unamwekea panapouma. Unampa maji ya kunywa mengi, unampa dawa ya maumivu, unasubiri kuona kama itashuka au mtatafuta usafiri. Mtoto wangu alikuwa anauma pindo la kanga ya mama yake ili asiwaamshe majirani, maana majirani walishasema. Nilipoanza kushika zamu yangu sikujua la kufanya. Usiku mmoja akaniambia, "Baba, nihesabie." Nikahesabu. Nikagundua kwamba sauti ya namba zinazofuatana ilimpa kitu cha kushika. Kuna usiku nilifika 4,300 kabla hajasinzia. Maisha yangu yote nimehesabia watu mali zao, na sidhani kama kuna hesabu nyingine niliyoifanya iliyokuwa na faida kuliko ile.

Niseme pia la kukojoa kitandani, ambalo yeye mwenyewe amesisitiza nilitaje. Seli hizi huharibu mapema uwezo wa figo kuuzuia mkojo usiwe mwingi, kwa hiyo watoto wengi wenye selimundu hukojoa mno na hukojoa usingizini hadi umri mkubwa. Si uvivu wala si utundu. Wapo waliochapwa kwa ajili hiyo, waliobebeshwa godoro kichwani wakatembezwa, waliorudishwa kutoka shule za bweni. Walimu mliopo hapa, namwomba kila mmoja wenu mambo matatu madogo: mwacheni mtoto huyu anywe maji darasani, mwacheni aende msalani bila kuinua mkono mara tatu, na mwondoeni katika mchakamchaka wa asubuhi na kazi za kufyeka umandeni. Akikosa shule wiki mbili, msimwandike mtoro.

Yupo mmoja katika nyumba zetu ambaye hatajwi kabisa, naye ni yule mtoto mzima. Binti yangu mkubwa alijifunza kupika ugali akiwa na miaka saba, kwa sababu mama yake alikuwa wodini. Sikumbuki kama niliwahi kumwuliza hali yake bila kumwuliza kwanza hali ya mdogo wake. Siku tulipokuwa tunamuaga kwenda kuolewa aliniambia akitabasamu, "Mimi hapa nyumbani nilijifunza kutougua." Alilisema kama mzaha na watu wakacheka. Wazazi wenzangu, mkirudi nyumbani leo mtafuteni huyo mzima mkae naye.

Niseme sasa juu ya yale yanayowezekana, maana sikuja kuwatisha. Inakadiriwa kwamba nchini kwetu huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na Tanzania hutajwa miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa namna hii duniani. Wengi wa waliokufa wakiwa wadogo hawakufa kwa ugonjwa usio na dawa. Walikufa kwa maambukizi, kwa malaria, kwa upungufu wa damu, mambo ambayo yana kinga. Penisilini ya vidonge kila siku hadi miaka mitano huwakinga na vijidudu vinavyoua upesi. Chanjo ya nimonia imo katika ratiba ya taifa tangu mwaka 2013. Vidonge vya foliki, vinavyousaidia mwili kutengeneza damu, bei yake ni ndogo. Na ipo haidroksiyurea, dawa inayopunguza kupinda kwa seli. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba dawa hiyo inawafaa watu wa Marekani, ambako iliidhinishwa kwa wagonjwa watu wazima mwaka 1998, lakini huku kwetu kwenye malaria na utapiamlo itakuwa hatari. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, ambao matokeo yake yalitoka kati ya mwaka 2018 na 2019, ulionyesha kinyume chake: watoto walioitumia walipungukiwa maumivu, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria kidogo na waliokufa walikuwa wachache. Hapa nchini madaktari wa Muhimbili, akiwemo Profesa Julie Makani, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa maelfu tangu mwaka 2004, na mengi tunayoyajua kuhusu watoto wetu wenyewe yametoka huko. Mwanangu alianza haidroksiyurea akiwa na miaka 14. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha kuliwa, kama mnavyomwona anavyotembea, na hilo dawa haikulirudisha. Lakini daftari langu la mwaka jana lina kulazwa mara moja.

Habari za tiba kubwa mmezisikia. Mwaka 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, ambayo bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilianza kuigeuza kuwa shilingi nikaacha kabla sijamaliza sufuri. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imekwisha kuwapandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, watoto wenye selimundu, nalo ni jambo la kujivunia, lakini linahitaji ndugu anayelingana naye na fedha ambazo mkulima wa pamba hana. Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi kwa leo hatuombi makubwa hayo. Tunaomba tone moja la damu ya kisigino cha mtoto, lichukuliwe katika zahanati anapopata chanjo zake za mwanzo, ili mama apelekwe kliniki kabla ya vidole kuvimba. Na tunaomba kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, itakapotekelezwa kwa ukamilifu, mtoto mwenye ugonjwa wa maisha asihesabiwe kuwa hasara.

Viongozi wa dini, kuna shauri linalozunguka kwamba wachumba wapimwe na wakikutwa wote ni AS msiwafungishe ndoa. Kupima naunga mkono kwa nguvu zote, na mapema, kabla ya kadi za michango kusambazwa na mahari kulipwa. Kukataza siungi mkono. Nimekaa na mke wangu miaka 25, nami sitaki kuambiwa kwamba huyu kijana anayenisikiliza ni kosa ambalo padri au shehe alipaswa kulizuia. Waambieni wachumba ukweli wa zile shilingi mbili, kisha wao waamue.

Nimalizie kwa jambo la utaratibu. Meza ya kupima iko chini ya mwembe ule, upande wa geti. Ni tone la kidole, na majibu ni leo leo. Anayeandika majina ni mwanangu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na ugonjwa huu ukimruhusu mwakani atahitimu masomo ya uhasibu. Amegawa daftari lake pande mbili, wanawake kushoto na wanaume kulia. Nilipopita pale kabla ya kupanda jukwaani, ukurasa wa kushoto ulikuwa umejaa na alikuwa ameugeuza kuendelea nyuma. Wa kulia ulikuwa na majina saba.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.